Wahudumu wa manusura wa ukatili: mnasaidianaje nyinyi kwa nyinyi bila kumwagiana mizigo?

Zamu_ya_Usiku ameuliza:

Habari zenu wadau. Naomba ushauri kwa wale mnaofanya kazi kama yangu, yaani kupokea watu waliofanyiwa ukatili majumbani au ukatili wa kingono, kuwasindikiza hospitali na polisi, kukaa nao mahakamani, kupokea simu za dharura usiku, kuwatafutia sehemu salama ya kulala na kadhalika. Sisi tuko wachache, wengine waajiriwa wengine wanajitolea, na kwa muda sasa naona hali sio nzuri kabisa. Mwenzetu aliekua mchangamfu kuliko wote siku hizi anajibu kwa mkato, hata kwa manusura wenyewe. Mwingine kesi ya mtoto ikija tu anatafuta sababu ya kutokuepo. Na mimi nikiona mwanaume kamshika mwanamke mkono barabarani moyo unaanza kwenda mbio, kumbe ni watu wanataniana tu. Usingizi ndo usiseme.

Tumepata wazo la kua na kikundi chetu cha kusaidiana, tukae tuongee mara kwa mara. Ila mara ya kwanza tulivyokaa ikawa kila mtu anasimulia kesi iliyomuumiza kuliko zote, anaefuata nae anatoa ya kwake nzito zaidi, tukatoka pale tuko hoi kuliko tulivyoingia na mmoja wetu kasema harudi tena. Sasa nauliza, kwa wenye uzoefu, kikundi cha namna hii kinaendeshwaje ili kisaidie kweli? Na siri za watu tunazilindaje? Mshauri wa kulipwa hatuna uwezo nae kwa sasa. Natanguliza shukrani.

---

Sikio_Pana amejibu:

Pole sana ndugu yangu, na poleni wote hapo kazini. Nimefanya kazi hii miaka mingi na ulichoandika nimekiona kwa watu wazuri sana, kwaio kwanza msijione dhaifu, wala yule anaejibu kwa mkato msimchukulie kama amekua na roho mbaya.

Kuna vitu viwili hapo na ni vizuri mvitofautishe maana dawa zake hazifanani. Cha kwanza ni uchovu wa kazi uliopitiliza. Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani aliechunguza sana hili jambo tangu miaka ya 1970, anasema una sura tatu: mtu anaishiwa nguvu za moyo, anakua mkavu kwa wale anaowahudumia, na anaanza kuona hata akifanya kazi hakuna anachobadilisha. Huyo mwenzenu wa majibu ya mkato inawezekana ndo yupo hapo. Cha pili ni kiwewe kinachotokana na kusikiliza. Hicho sio uchovu. Ni kwamba yaliyompata mtu mwingine yanaingia kwako, unaota ndoto zake, unashtuka ovyo, unakwepa kesi za aina flani, unaanza kuona kila mwanaume ni hatari au kila nyumba ina siri mbaya. McCann na Pearlman waliandika kuhusu hili mwaka 1990, wakasema kusikiliza mambo haya muda mrefu kunabadilisha mpaka namna mtu anavyoamini watu na anavyojiona yuko salama duniani. Na mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani toleo la 2013 unakubali kabisa kwamba mtu anaeshinda kazini anapokea habari za kutisha za wengine anaweza kupata dalili zile zile za kiwewe kama alieona kwa macho. Sio kwamba kila mtu anapata, hapana, ila inatokea na inatambulika.

Namna mimi ninavyopima, mchovu akipewa likizo ya kweli au akipunguziwa kazi unamuona anarudi. Mwenye kiwewe anaenda likizo nacho na anarudi nacho. Huyu wa pili kikundi kitamsaidia lakini akizidi kuharibika, hapati usingizi, anatumia pombe ili alale, hawezi kukaa na familia yake, huyo aonane na mtaalamu na msichelewe.

Sasa kuhusu kikao chenu. Kilichowaumiza sio kukaa pamoja, ni kumwagiana picha. Mtu akishakwambia alichokifanya yule mkatili hatua kwa hatua, hiyo picha tayari imehamia kwako na huwezi kuirudisha. Kuna mama wa Canada anaitwa Françoise Mathieu amefundisha sana wahudumu njia ya kuongea bila kuumizana na sisi tuliifuata ikatufaa sana. Kwanza mwenyewe ujue unataka kuongea nini na kwanini. Pili unamtahadharisha mwenzio kabla. Tatu unaomba ruhusa, kabisa kabisa, "nina kitu kizito cha leo, una nafasi ya kunisikiliza saivi?" na mwenzio ana haki ya kusema saivi sina, niulize jioni, na hakuna kununiana. Nne unaanzia pembeni, huanzi na kile kibaya kabisa, unasema kimekufanyaje wewe, na mara nyingi utakuta hata hujahitaji kufika kwenye vile vipande vya kutisha, umeshapumua.

Hiyo ya tatu ndo watu wanaidharau lakini ndo yenye nguvu. Tulivyoanza kuombana ruhusa hata kwenye korido watu waliacha kukwepana, maana mwanzoni ukimuona flani anakuja unajua anakuja kukutupia kesi wakati wewe ndo kwanza umetoka kwenye ya kwako.

---

Mratibu_wa_Zamani amejibu:

Mdau wa juu kaongea vizuri sana, mimi niongezee upande ambao wengi wanaupita haraka. Kikundi peke yake hakitoshi kama kazi yenyewe imepangwa vibaya.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Canada, Bober na Regehr, walichapisha utafiti wa wataalamu 259 wanaotoa tiba kwa watu wenye kiwewe. Wengi waliamini kwamba mapumziko, kujitunza, usimamizi na mambo kama hayo vinakinga. Lakini walipoangalia muda ambao watu walitumia kwenye hayo mambo, haukuonekana kupunguza dalili za kiwewe. Kilichoonekana kuhusiana zaidi na dalili ni masaa ambayo mtu anakaa na manusura kwa wiki. Mimi niliposoma hili nilikaa kimya muda mrefu maana nilikua nimezoea kusikia kila semina tunaambiwa tu jitunze, pumua, fanya mazoezi, kama vile mhudumu akiumia ni yeye hajajipenda vya kutosha. Sisemi mazoezi mabaya, fanyeni jamani, mwili unahitaji. Nasema mtu mwenye kesi nzito zote mikononi mwake hawezi kujinasua kwa kutembea jioni.

Kwaio kabla hamjapanga kikundi kaeni na ratiba. Nani anapokea kesi za kubakwa peke yake kila zikija kwa sababu tu "yeye anaziweza"? Nani ana zamu za usiku mfululizo? Nani hajawahi kupangiwa kazi isiyo ya manusura, kama kuandaa ripoti, kutoa elimu, kupanga mafaili? Changanyeni. Mtu akitoka kwenye kesi nzito, mfano amekaa na manusura hospitali usiku kucha au amekaa mahakamani anasikia wakili wa upande wa pili anamdhalilisha mteja wake siku nzima, asipewe nyingine kesho yake asubuhi. Iwe utaratibu ulioandikwa. Asiwe na haja ya kuomba, kwa sababu watu wa kazi hii hawaombi mpaka waanguke.

Halafu kuna utafiti mwingine wa Slattery na Goodman, 2009, huu ulikua wa watetezi wenyewe wa manusura wa ukatili wa majumbani Marekani. Waliokua na dalili chache walikua wale wanaopata sapoti ya wenzao kazini, wenye msimamizi mzuri wa kukaa nae kuzungumzia kesi, na wale ambao ofisini kwao madaraka yanagawanywa, wanaheshimiwa na wana sauti kwenye maamuzi. Hilo la mwisho lizingatieni sana. Tunawafundisha manusura kwamba ukatili ni mtu mmoja kumtawala mwenzie, alafu ukirudi ofisini unakuta bosi anaamua kila kitu, anafoka, mhudumu hana la kusema. Mwili unaelewa hiyo hali hata kama mdomo umenyamaza.

Kitu kimoja cha kuepuka. Kesi mbaya ikitokea msiwalazimishe watu wote wakae siku hiyo hiyo wasimulie upya moja baada ya mwingine. Watu wanafanya hivyo kwa nia nzuri kabisa lakini Shirika la Afya Duniani (WHO) halishauri kikao cha namna hiyo kama njia ya kuzuia kiwewe, ushahidi haukuonesha kinasaidia na kwa wengine kinaweza kuumiza. Siku hiyo uliza tu mtu anahitaji nini, amefikaje nyumbani, nani yupo nae, nani atamshikia simu zake kesho. Kuongea kutakuja kwa muda wake.

---

Nimepita_Huko amejibu:

Naomba niseme upande wa sisi ambao ni wahudumu na pia ni manusura. Tuko wengi kwenye hii kazi kuliko watu wanavyofikiri, wengine tumesema wengine hatujasema wala hatutasema.

Kwenye kikundi chenu tafadhali msimfanye mtu yeyote aongee historia yake. Wala msimgeukie kila wakati kwamba "wewe unajua zaidi, hebu tuambie". Mimi niliwahi kua sehemu ambayo kila wafadhili wakija naitwa niseme yangu, na ilikua inanichukua siku kadhaa kurudi sawa alafu hakuna anaeuliza. Kua manusura kunanipa kitu kwenye kazi, nikikaa na mtu anaeogopa kuondoka namuelewa na simuulizi yale maswali ya kwanini hukuondoka mapema. Lakini kuna kesi zinazofanana na ya kwangu mno na hizo nimekubaliana na msimamizi wangu kwamba nikisema neno moja tu tulilopanga anapewa mwenzangu, bila maelezo, bila kuulizwa mbele za watu. Huyo mwenzenu anaekwepa kesi za watoto mimi ningeanza nae hivyo, faragha, kwa upole, "kuna aina ya kesi ungependa tukupunguzie?" Ukimuuliza kwanini utamfunga mdomo.

Kingine ni sauti ya ndani inayosema mimi niliokoka kwaio sina haki ya kuchoka. Hiyo inatumaliza. Kama uko karibu na mtu wa namna hiyo mwambie wazi kwamba ana haki ya kuchoka kama mwingine yeyote.

---

Zamu_ya_Usiku:

Yaani nimesoma nikalia kidogo. Asanteni sana, hilo la kuombana ruhusa na hilo la kukagua ratiba tunaanza nayo. Nimegundua hapa hapa nikiwa naandika kwamba yule aliekua mkavu ndo ana zamu nyingi za usiku kuliko wote, na tulikua tunampa kwa sababu alikua halalamiki.

Nina maswali mengine. Uongozi ukiambiwa haya unajibu kwamba hii kazi ni wito, kama huwezi kuna wanaoweza. Tunawaambiaje? Na pili tuna grupu la WhatsApp ambalo kwa kweli ndo limekua sehemu ya kutolea yote, mtu akitoka polisi usiku anaandika humo. Ni sawa?

---

Mratibu_wa_Zamani:

Kuhusu grupu, hapana, na hapa niwe mkali kidogo. Simu inaibiwa, simu inashikwa na mume, na mtoto, na fundi. Na meseji ya grupu ikishatoka haina mwenyewe. Hata mkificha jina, mkiandika umri, kazi yake, ana watoto wangapi na tukio limetokea lini, mtu anaemfahamu anajua ni nani. Na yule mkatili anaweza kua anamfahamu mmoja wenu, mara nyingi anaanza kumtafuta manusura kwa nguvu zaidi pale tu alipoondoka, huo ndo muda wa hatari kubwa. Kwaio grupu libaki la ratiba na kuulizana hali. Mnaweza kukubaliana alama, mtu akiandika "nimerudi, nahitaji sikio" basi alie na nafasi anampigia. Inatosha. Mkiwa kwenye kikao pia kesi haitajwi, tunaongelea mhudumu. "Jana nilikaa na mtu nikajikuta nina hasira nae na sielewi kwanini" hiyo sentensi haina siri ya mtu yeyote ndani yake na inafungua mazungumzo makubwa sana.

Kwenye kikao mtu mmoja aongoze na azungushwe, asiwe bosi. Mfupi, unaoanza na kuisha kwa wakati, ndani ya masaa ya kazi. Hilo la masaa ya kazi lisimamieni. Mkikifanya jioni baada ya kazi mnawaongezea watu kazi ya kujitibu kwa muda wao, na wenye watoto nyumbani hawatakuja. Asietaka kuongea akae asikilize. Na mwisho msiachie kwenye lile zito, kila mtu aseme anaelekea wapi akitoka na anafanya nini, ili akili irudi kwenye maisha yake.

Uongozi sasa. Msiende na malalamiko, nendeni na kazi yenyewe. Mhudumu aliechoka anakosea fomu, anasahau kumpigia manusura kabla ya tarehe ya kesi, anamuuliza maswali yanayomuumiza, alafu anaacha kazi na manusura anaanza upya kumsimulia mtu mgeni. Hayo wanayaelewa. Na waambieni WHO kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019 imeweka uchovu huu kama jambo linalotokana na mazingira ya kazi, msongo wa kazini usioshughulikiwa. Kama umetoka kazini basi kazini ndo unatakiwa kushughulikiwa. Ombeni vitu vitatu vinne vinavyoshikika: mpangilio wa zamu, msimamizi wa kukaa na kila mhudumu angalau kila mwezi, saa moja ya kikundi, na utaratibu wa usalama wenu nyinyi, maana na nyinyi mnatishwa. Mhudumu anafuatwa na mume wa mteja mpaka kwake na anaona aibu kusema. Nani anampigia? Anabadilishiwa njia? Anaondolewa kwenye hiyo kesi? Hilo lisipokuepo kikundi kizuri vipi watu wataendelea kukosa usingizi kwa sababu hofu yao ni ya kweli.

---

Taa_ya_Mlango amejibu:

Mimi mchango wangu mdogo. Wengi wameongelea madhara lakini kusikiliza manusura kunatujenga pia. Mwaka 2007 Hernández, Gangsei na Engstrom waliandika kuhusu wataalamu wa Colombia waliokua wanawatibu watu waliopitia ukatili wa kisiasa na kutekwa nyara, wakakuta hawa wataalamu kwa kuangalia namna wateja wao wanavyoinuka na wenyewe walipata nguvu, waliyapima upya matatizo yao, walirudisha matumaini. Kwaio kwenye kikao chenu wekeni muda wa hilo swali, "wiki hii umemuona manusura akifanya nini kilichokushangaza?" Sio kwa kulazimisha furaha. Mfano mtu aliyekua hawezi hata kutazama mtu usoni ameuliza mwenyewe tarehe ya kesi yake. Au mama amebadilisha laini ya simu bila kuambiwa na mtu. Vitu hivyo tunavipita mbio kwa sababu fomu haina sehemu ya kuviandika, wakati ndo vinavyomfanya mtu arudi kazini kesho. Na mshangao huo msiulazimishe kua ushindi, kuna wanaorudi kwa mume, hata yule aliyerudi anaweza kua amejifunza namba ya kupiga, na mhudumu wake asijione ameshindwa.

---

Zamu_ya_Usiku:

Nimeandika yote kwenye daftari. La mwisho alafu nawaacha mpumzike. Ikitokea ndani ya kikundi mtu akasema maneno kama "bora nisingekuepo", na tumekubaliana siri haitoki, tunafanyaje? Naogopa sana hilo.

---

Sikio_Pana:

Umeuliza la maana sana. Hilo mnaliweka wazi siku ya kwanza kabisa kabla mtu hajafungua mdomo: siri ni siri isipokua pale ambapo maisha ya mtu yapo hatarini, ya mwenzetu au ya mtu mwingine. Kila mtu aseme amekubali. Ikitokea, msipige kelele wala msimhubirie, na msimwambie watoto wako watabaki na nani. Mtu mmoja anaemuamini abaki nae pembeni amuulize moja kwa moja, "unafikiria kujiua?" Kumuuliza hivyo hakumpandikizii wazo, watu wengi wanaogopa hapo, na wengi wanaoulizwa wanasikia nafuu kwamba kuna mtu kaweza kulitaja. Akisema ndio, muulize kama ana mpango na kama ana kitu cha kutumia, kitolewe karibu nae, asiachwe peke yake, na apelekwe kwa daktari au huduma ya dharura siku hiyo hiyo, na nyinyi mnaenda nae kama mnavyowasindikiza wengine. Alafu zamu zake zigawanywe kimya kimya bila tangazo, na mtu mmoja anaejulikana awe ndo anampigia kila siku wiki zinazofuata, maana mara nyingi siku ya kwanza watu ni wengi na baada ya hapo simu inanyamaza. Namba za dharura za kwenu ziandikwe ukutani kabla ya kikao cha kwanza, na nyinyi wenyewe mjaribu kuzipiga muone kama zinapokelewa usiku.